Mto Uliorudi kwa Wenyewe

Historia ya mto upitao mjini mara nyingi ni historia ya barabara. Mji wa Düsseldorf, nchini Ujerumani, ulipewa hadhi ya mji mwaka 1288, nao umekaa ukingoni mwa mto Rhein. Mtaa wake mkongwe, Altstadt, umesongamana baa hata wenyeji huutania kuwa ndio kaunta ndefu kuliko zote duniani. Lakini kwa miongo kadhaa, aliyetoka humo usiku kutafuta upepo wa mto alikutana kwanza na magari. Barabara kuu ilipita ukingoni, ikibeba zaidi ya magari 50,000 kwa siku. Mto ulikuwa karibu, ila kuufikia ilikuwa kazi.

Wakuu wa mji hawakuyafukuza magari, waliyazika. Mwaka 1993 ilifunguliwa njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa karibu kilomita 2, na huko huko chini pakawekwa maegesho. Mwaka 1995, juu yake, ikakamilika njia pana ya waendao kwa miguu.

Wapo wasemao kuwa mji usio na maegesho hukosa wateja. Hofu yao si ya bure, maana mwenye duka hula kwa mteja. Lakini naona swali si gari likae au liondoke. Swali ni nani apewe mahali pazuri. Gari lililoegeshwa halioni mto, giza linalitosha. Mwenye kuhitaji upepo ni binadamu.