Nani Alimfanya Mwanafunzi wa Jirani Kuwa Mgeni?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa sana tunaposifu ukarimu wa Afrika Mashariki, lakini mwanafunzi aliyevuka mpaka kuja kusoma huisikia kwa namna nyingine. Hujiuliza siku yake ya tatu itafika lini. Mimi ni Mganda, ninasoma Kiswahili Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa pili. Katika insha hii nitaonyesha kwamba ugeni wa mwanafunzi kama mimi una historia yake. Palikuwa na miaka ambayo Mganda aliyekuja kusoma hapa alihesabiwa kuwa wa hapa, na kuna matukio yaliyombadilisha akawa mgeni.

Nianze na safari za upande wa pili, kwa sababu zilitangulia. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu. Baadaye ilikua na kuwa chuo kilichowapokea vijana wa Afrika Mashariki nzima. Mmoja wao alikuwa Julius Nyerere, aliyefika mwaka 1943 akitokea Tabora na kumaliza stashahada ya ualimu mwaka 1945. Akiwa Makerere, yeye na wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage, waliunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Jambo hili linanivutia. Kijana aliye ugenini alitafuta watu wa kwao, wakakaa pamoja, wakaanza kuijadili nchi yao. Hata leo ukifika chuo chochote cha jirani utakuta vyama vya wanafunzi wa nchi moja moja. Tunapika chakula cha kwetu, tunachangiana nauli mtu akifiwa, na mwishowe tunazungumza siasa za kwetu kwa uwazi kuliko tulivyozizungumza nyumbani.

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Nacho kilianza na wanafunzi 14, wote wa sheria. Mwaka 1963 ukaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mkuu wa chuo hicho alikuwa Nyerere mwenyewe. Vyuo viligawana kazi. Katika miaka ile ya mwanzo, aliyetaka udaktari alielekea Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam.

Tafakari maana ya mpango huo kwa Mganda mmoja aliyetaka kuwa mwanasheria. Aliweza kupanda meli Port Bell, akavuka Ziwa Viktoria hadi Mwanza, kisha akashika treni kupitia Tabora hadi pwani. Meli na treni zote zilikuwa za shirika moja la nchi tatu. Hadi mwaka 1966, nchi hizo zilipoanza kutoa fedha zao, hata shilingi mfukoni mwake ilikuwa ileile. Akifika, aliingia katika chuo ambacho nchi yake ilikuwa mmoja wa wenye nacho. Alikuwa mbali na mama yake, bila shaka, na joto la Dar es Salaam lilimtesa kama linavyonitesa mimi. Lakini hakuwa amekwenda kusoma kwa watu.

Wapo waliopewa jembe, tena wakalishika kwa mikono miwili. Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970. Yeye, Mganda, ndiye aliyeongoza chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, ambacho kilikuwa na wanachama kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mwaka 1968 alikwenda pamoja na wenzake katika maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha chuoni. Wanafunzi hao walianzisha pia jarida lao, Cheche. Mtu anayeandaa mijadala, anayeandika na kubishana juu ya mustakabali wa nchi anayosoma, hawezi tena kusema yuko pale kwa siku mbili.

Mwaka 1970 ndio ulioleta mgawanyiko. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Mwishoni mwa mwaka huohuo, USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Milton Obote. Obote alipokewa Tanzania, na Museveni naye alirudi Dar es Salaam, safari hii akiwa mkimbizi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yakaivamia Kagera, vita vikaanza, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana upande wao. Katika muda usiofika miaka kumi, mwenzetu alikuwa amegeuka raia wa nchi nyingine, na kwa miezi kadhaa, raia wa nchi adui.

Mambo haya hayakubaki vitabuni. Nilipokuja mara ya kwanza kwa basi, tulivuka mpaka Mutukula, kisha tukapita daraja la Kyaka juu ya mto Kagera. Nilikuwa nimesoma kwamba daraja la pale lilivunjwa na askari wa Amin wakati wa uvamizi. Abiria wengi walikuwa wamelala. Mimi nilitazama maji nikajisikia kama mtu anayeingia nyumba ambayo babu zake waliwahi kuivunjia mlango.

Kulikuwa na mzigo mwingine niliokuja nao, nao ni lugha yenyewe. Kwetu Uganda, Kiswahili kina historia ngumu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alipotaka kukipanua shuleni, Kabaka Daudi Chwa alipinga. Kikabaki lugha ya jeshi na polisi tangu enzi za ukoloni, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, hilo halikuwasaidia raia kukipenda. Nilipomwambia bibi yangu nakwenda kukisomea Kiswahili, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia maneno anayoyajua: "Fungua! Kaa chini! Leta!" Hayo ndiyo aliyoyasikia mlangoni pake usiku. Kiswahili chake chote kilikuwa amri.

Wiki yangu ya kwanza hapa nilikwenda kwa mama ntilie karibu na bweni. Nikasema, "Nataka wali na maharage." Akaniangalia. "Mwanangu, unaniamrisha?" Watu waliokuwa wakila wakacheka. Nikaona aibu, kwa sababu sikujua kosa liko wapi; sarufi yangu ilikuwa sahihi. Akanifundisha palepale: kwanza shikamoo, yeye aitikie marahaba, kisha "naomba wali." Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Jioni ile nilielewa kwamba nilikuwa nimebeba Kiswahili cha mlangoni pa bibi yangu bila kujua. Somo hilo halikuwa katika ratiba yoyote, na bado ndilo lililonifungulia mtaa.

Hapa ndipo ninapowaonea shaka kidogo wale wanafunzi wa miaka ya 1960 ninaowahusudu. Walikuwa na chuo kimoja na treni moja, lakini masomo yao yalikuwa kwa Kiingereza, na tangu mwaka 1964 chuo kilikuwa juu ya kilima, mbali na mitaa ya jiji. Mtu angeweza kumaliza shahada yake Mlimani bila kujua namna ya kumwomba mama wa Manzese sahani ya chakula. Mimi hali yangu ni kinyume. Nina kibali cha kuhuishwa, na nilipojiandikisha nilipanga foleni kwenye dirisha la wageni. Lakini mtaani naitwa mwanangu.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulisainiwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Hatua hizi ni njema. Hata hivyo, historia inatufundisha kwamba kuzoea nchi ya jirani si kazi ya mwanafunzi peke yake. Serikali zilizomgeuza mwenzetu kuwa mgeni zina uwezo wa kumrudishia nafasi yake, kwa ada, kwa vibali na kwa vyuo vya pamoja. Sehemu inayobaki ni yetu sisi wanafunzi, nayo inaanza na neno "naomba."

Likizo iliyopita nilimpigia bibi simu nikamwambia, "Shikamoo." Hakujua la kuitikia. Nikamfundisha.