Kutopendelea Si Kunyamaza: Historia ya Umoja wa Wanawake Wapiga Kura wa Marekani

Mtu asemapo kwamba hapendelei chama chochote, wasikilizaji wake aghalabu humdhania kuwa hana msimamo, au kwamba anao ila anauficha. Dhana hiyo ni ya haraka. Historia ya Umoja wa Wanawake Wapiga Kura wa Marekani yaonyesha kwamba kikundi cha watu chaweza kukataa katakata kumtaja mgombea wa kuchaguliwa, na papo hapo kikawa na neno zito la kusema juu ya sheria, maji na afya. Makala haya yakusudia kuchunguza jinsi mambo hayo mawili yalivyopatanishwa, na gharama iliyolipwa kwa ajili ya upatanisho huo.

Umoja huo ulizaliwa na harakati za kudai haki ya kura. Carrie Chapman Catt, kiongozi wa chama kikuu cha wadai kura, alitoa wazo la kuuunda katika mkutano uliofanyika St. Louis mwezi wa Machi 1919. Tarehe 14 Februari 1920 uliundwa rasmi mjini Chicago, na Maud Wood Park akawa rais wake wa kwanza. Wakati huo Rekebisho la 19 la Katiba, lililokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya jinsia yake, lilikuwa bado halijakamilika. Lilikamilika mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mamilioni ya wanawake walikuwa karibu kushika karatasi ya kura kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ilikuwa ya darasani: kufundisha jinsi ya kujiandikisha, jinsi ya kutia alama kwenye karatasi, na wajibu wa kila cheo kinachogombewa.

Hapo ndipo swali la vyama lilipozuka. Kwa upande mmoja, viongozi wa vyama waliushuku Umoja kuwa ni chama kingine kilichojivika vazi la shule. Kwa upande mwingine, palikuwa na hofu kwamba wanawake wakijitenga na vyama watabaki nje ya mahali mambo yanapoamuliwa. Jibu la Catt lilikuwa wazi: mwanamke mmojammoja na aingie katika chama akipendacho, tena asikubali kuishia ukumbini, bali Umoja wenyewe, kama chombo, usimilikiwe na chama chochote. Tofauti hiyo baina ya mtu na chombo ndiyo nguzo iliyoshikilia jengo zima.

Nguzo ya pili ni utaratibu wa kujifunza. Umoja hauna desturi ya kutoa kauli juu ya jambo ambalo wanachama wake hawajalisoma. Wajumbe huchagua suala katika mkutano mkuu. Kamati hukusanya maelezo yanayoeleza hoja za kuunga mkono na za kupinga. Kisha matawi hukutana, yakasoma na kujadiliana. Kinachotafutwa si ushindi wa walio wengi kwa kunyosha mikono, bali ni maafikiano, yaani kiini ambacho wengi wanaweza kukikubali baada ya kusikilizana. Maafikiano yakishapatikana, viongozi hupata ruhusa ya kusema, yasipopatikana, hunyamaza. Waama, utaratibu huu ni wa polepole. Lakini mwanachama ajuaye kwamba neno lake litafika juu ana sababu ya kusoma.

Mfano mzuri ni ule wa Muscle Shoals, huko Alabama. Serikali ilianza kujenga bwawa la umeme katika mto Tennessee wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Vita vilipokwisha, likazuka suala: je, mali hiyo iuzwe kwa watu binafsi, ama ibaki ya umma? Henry Ford alikuwa miongoni mwa waliotaka kuichukua. Katika miaka ya 1920 wanachama wa Umoja walijifunza habari za umeme, mbolea na gharama za maisha, wakafikia msimamo kwamba mali hiyo iendeshwe kwa faida ya umma. Miswada ya namna hiyo ilikataliwa na Rais Coolidge mwaka 1928, na Rais Hoover mwaka 1931. Mwaka 1933, chini ya Rais Roosevelt, sheria ikapita. Marais waliokataa walikuwa wa chama kimoja na aliyekubali wa chama kingine, lakini msimamo wa Umoja ulikuwa umetangulia na haukutegemea nani yuko Ikulu.

Jaribio kali zaidi lilikuja na televisheni. Mwaka 1976 Umoja uliandaa midahalo ya wagombea urais Ford na Carter, ya kwanza tangu ile ya 1960. Mwaka 1980 ulimwalika John Anderson, mgombea asiye na chama. Carter akakataa kuhudhuria, na mdahalo ukafanyika bila yeye. Mwaka 1988 wasaidizi wa wagombea wawili wakubwa walipatana wao kwa wao juu ya kila kitu, hata uteuzi wa waulizaji na wa watazamaji, kisha wakaupelekea Umoja mapatano yaliyokwisha kutiwa sahihi. Tarehe 3 Oktoba Umoja ulijitoa, ukisema hautakubali kuwa chombo cha kuwahadaa wapiga kura. Tangu hapo midahalo hiyo ikaondoka mikononi mwake. Ulipoteza jukwaa kubwa kupita yote uliyopata kuwa nayo, ili ubaki na jina lake.

Hata hivyo, sifa hizi zisitufumbe macho. Baada ya 1920 wanawake Weusi wa majimbo ya Kusini waliendelea kuzuiwa kupiga kura, kwa kodi na mitihani ya kusoma, hadi sheria ya haki ya kura ya 1965. Umoja, ambao wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake Wazungu wenye nafasi, haukulipigania jambo hilo kwa nguvu ulizozitumia kwingine, na mwaka 2018 viongozi wake walikiri kasoro hiyo hadharani. Maafikiano ya waliomo chumbani hayawezi kuzidi upana wa chumba chenyewe. Mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza kwanza ni nani waliokaribishwa kujifunza, ndipo aulize walijifunza nini.

Ikiwa kuna funzo, basi ni hili: kutopendelea chama si kukaa katikati ya barabara. Ni kazi, na kazi hiyo huanza pale mwananchi anapokubali kuisoma hoja asiyoipenda mpaka aweze kuieleza sawasawa na aipendaye.