Lua: lugha ndogo ndani ya programu kubwa

Programu nyingi za kompyuta za mezani huandikwa kwa lugha ya C au C++, ambazo mtumiaji wa kawaida hawezi kuzigusa. Ili aweze kuongeza kazi zake mwenyewe, watengenezaji hupachika ndani ya programu lugha ya pili iliyo nyepesi. Uchaguzi huo ni mzito, kwani skripti za watumiaji zikishakuwa nyingi, kuibadili lugha ni kuziua zote.

Lua, neno la Kireno lenye maana ya mwezi, ilibuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazil. Ni ndogo mno, haina malipo, na imetumika sana ndani ya Adobe Lightroom. Python, iliyomo ndani ya Blender, ina maktaba nyingi zaidi, lakini ni mzigo mzito kuubeba. (Lua huanza kuhesabu kwa 1 badala ya sifuri, jambo linalowaudhi waliozoea C.)

Linalopaswa kuamua hasa ni usalama. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilienea kupitia lugha iliyopachikwa ndani ya Microsoft Word, kwa kuwa lugha hiyo iliweza kuiamuru programu ya barua pepe kukituma kwa watu 50 wa kwanza katika orodha ya anwani. Kwa Lua, programu mwenyeji ndiyo inayoamua skripti ipewe maktaba zipi. Isipopewa yoyote inayogusa faili, haina njia ya kuzifikia. Hata hivyo, skripti yenye mzunguko usiokoma bado yaweza kuigandisha programu nzima, hivyo mwenyeji hana budi kuiwekea kikomo.