Nyuso Tatu za Elephanta ni za Shiva Peke Yake

Ukivuka kwa boti kutoka Mumbai kwenda kisiwa cha Gharapuri, ambacho Wareno walikiita Elephanta kwa ajili ya tembo wa mawe waliyemkuta huko, huenda ukaambiwa kwamba sanamu kuu ya pangoni ni Trimurti: Brahma muumbaji, Vishnu mhifadhi na Shiva mwangamizi katika mwili mmoja. Dai hilo limezoeleka tangu enzi za ukoloni, lakini halisimami.

Swali la pango lilichongwa lini na nani tusilirefushe. Wengi hulitia karne ya 6, chini ya watawala wa Kalachuri. Tuitazame sanamu yenyewe, inayozidi mita 5 kwa kimo. Uso wa kati umetulia, macho yamefumbwa, nywele zimesukwa zikapanda juu mithili ya taji. Wa kushoto kwa mtazamaji una masharubu na macho ya ukali. Fuvu limechomekwa nyweleni, na mkono umeshika nyoka. Wa kulia ni mwororo, umepambwa kwa lulu, na mkono wake umeshika yungiyungi.

Wazungu wa zamani waliona nyuso tatu wakahesabu miungu watatu. Kwa watu waliolelewa katika fundisho la Utatu Mtakatifu, hesabu hiyo haikuwa na ugumu. T. A. Gopinatha Rao aliipinga katika kitabu chake kikubwa kuhusu sanamu za Kihindu, kilichochapishwa kati ya 1914 na 1916: huyu ni Shiva, katika umbo la Mahesha.

Maandiko yanamuunga mkono. Vishnudharmottara Purana humpa Shiva nyuso tano na kuzifunga na asili ya vitu: Sadyojata ni ardhi, Vamadeva maji, Aghora moto, Tatpurusha upepo, Ishana anga. Pangoni, mkali ni Aghora. Mwororo ni Vamadeva, uso wa Uma, mke wa Shiva. Wa kati ni Tatpurusha. Wa nne umebaki ndani ya mwamba, na Ishana kwa kawaida hachongwi.

Utenzi wa Mahabharata nao unasimulia nyuso hizo zilikotoka. Tilottama, mrembo aliyeumbwa ili awagombanishe majini wawili ndugu, aliwazunguka miungu kwa heshima kabla ya kuondoka. Shiva hakugeuza shingo; kila alikopita binti, uso mpya ulichomoza. Kwingineko katika utenzi huohuo Shiva anamweleza Uma kazi za nyuso hizo: mmoja hutawala, mmoja huzungumza naye, mmoja huwafurahisha viumbe, na ule wa kusini huangamiza. Ukali na upole ni vya mmoja.

Wanaoshikilia Trimurti watasema wazo hilo ni la kale, na kweli mshairi Kalidasa analijua. Lakini kuta za pango hilohilo zinawasuta. Katika mchongo wa Shiva akiupokea mto Ganga, Brahma na Vishnu wamo, wadogo, pembezoni, wakitazama. Mwenye pango aliyewaweka wawili hao miongoni mwa watazamaji hakuwa na haja ya kuwagawia theluthi mbili za sanamu yake kuu.