Pointa ni za Haraka? Tuulize Historia Kwanza

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilipoteza alama mbili kwa sababu ya mabano. Zoezi lilikuwa kupanga nambari kutoka ndogo hadi kubwa kwa lugha ya C. Programu yangu ilifanya kazi sawasawa, ila nilitumia indeksi, yaani a[i], badala ya pointa. Mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu: "Pointa ni za haraka." Sikuuliza kwa nini. Darasa zima hatukuuliza.

Juzi nikaamua kufuatilia. Kumbe hiyo sentensi ina historia yake.

Mwaka 1945, John von Neumann aliandika programu ya kupanga data kwa ajili ya EDVAC, mashine ambayo hata haikuwa imejengwa bado. Haikuwa na rejista ya indeksi. Ili kufikia data inayofuata, programu ilibidi ibadilishe anwani zilizo ndani ya amri zake yenyewe. Hebu fikiria hiyo kazi! Mwaka 1949 mashine ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ikapata rejista ya indeksi, mambo yakawa nafuu.

Sasa twende Bell Labs, Marekani, miaka ya mwanzo ya 1970. Dennis Ritchie anaunda C kutokana na B, lugha ya Ken Thompson. PDP-11 yao ya kwanza ilikuwa na memori ya kilobaiti 24 tu. Picha moja ya WhatsApp inaishinda. Kutoka kwa B, C ilirithi sheria moja tamu: a[i] ni njia nyingine tu ya kuandika *(a+i). Anza kwa anwani ya a, songa hatua i.

Kwa hivyo maana ni ile ile. Tofauti ilikuwa kwa jasho la mashine. Kwa indeksi, kila mzunguko inazidisha i kwa ukubwa wa kipengee, kisha inajumlisha na anwani ya mwanzo. Kwa pointa, inasonga hatua moja, basi. Kompaila ndogo za wakati ule hazikukusaidia sana kupunguza hesabu hiyo. Ndiyo maana Brian Kernighan na Ritchie, katika kitabu chao cha C cha 1978, waliposema pointa kwa kawaida ni za haraka, walikuwa sahihi.

Lakini kompaila zimekua. Fortran ya IBM ya 1957 tayari ilijua kupunguza hesabu za indeksi. Leo, ukiwasha uboreshaji kwenye GCC, mara nyingi mizunguko yote miwili hutoa amri zinazokaribia kufanana kabisa.

Je, pointa hazina maana? La. Kitabu hicho hicho kina programu ya kupanga mistari ya maandishi. Mistari haihamishwi, zinazobadilishana nafasi ni pointa zake. Ni kama chifu anayepanga majina ya wanakijiji kwenye daftari: hahitaji kuhamisha mtu yeyote nyumbani kwake. Faida hiyo bado ipo, na inatokana na kutohamisha mizigo, si kukwepa mabano.

Maoni yangu ni haya: tunafunzwa majibu ya 1978 bila kuambiwa swali lilikuwa gani. Alama zangu mbili sizidai tena. Nadai sababu.

Na wewe, ulifunzwa vipi?