Vitabu vya Alfabeti vyenye Picha: Kutoka Nuremberg hadi Kigali

Katika muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la chekechea hapa Kigali kumtathmini mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu. Alikuwa ametundika ukutani bango la alfabeti alilolichora kwa mkono wake mwenyewe, na kusema kweli lilipendeza. Alipofika kwenye herufi J akaonyesha uso wa mtoto wenye macho makubwa, chini yake pameandikwa "jicho". Akauliza, "Hiki ni nini?" Darasa zima likajibu, "Macho!" Akarudia, "Sivyo. Jicho." Binti mmoja wa mbele akasimama kwa adabu na kusema, "Mwalimu, lakini ni mawili."

Tulimpunguzia alama mwanafunzi wetu kwa kosa la kutojiandaa vya kutosha. Tuliporudi idarani na kulijadili jambo hili na wenzetu, tukaanza kuona kwamba tumemwonea. Kosa halikuwa lake peke yake. Lilikuwa limejificha katika umbo lenyewe la kitabu cha alfabeti, umbo ambalo lilizaliwa katika lugha nyingine na kuletwa kwetu bila kuulizwa kama linatutosha. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia, kwa ufupi, historia ya umbo hilo.

Wataalamu wengi wa elimu huanzia kwa Comenius, mwalimu na askofu kutoka Moravia, ambaye mwaka 1658 alichapisha huko Nuremberg kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, kwa Kilatini na Kijerumani, kiitwacho Orbis Sensualium Pictus. Mwaka uliofuata, Charles Hoole alikitafsiri kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa kitabu hicho kuna alfabeti yenye picha za wanyama, na hapa tunaomba msomaji awe makini. Kwenye A amechorwa kunguru, ingawa jina la Kilatini lililotumika, cornix, linaanza na C. Kwenye B yupo mwanakondoo, ambaye kwa Kilatini huitwa agnus. Comenius hakujali herufi ya kwanza ya jina. Alichofuata ni mlio: kunguru hulia "a", kondoo hulia "be". Mtoto aliisikia sauti kwanza, kisha akaonyeshwa alama yake.

Mtindo uliokuja kutawala dunia si huo. Ni ule wa Waingereza, wa kuchukua neno na kuipa picha herufi yake ya kwanza. Wimbo wao wa alfabeti unaohusu andazi la tufaha ulikuwa tayari ukijulikana mwaka 1671, na mwaka 1886 mchoraji Kate Greenaway aliutolea kitabu cha picha kilichopata sifa nyingi. Kwa Kiingereza mtindo huu una sababu yake. Herufi moja kwao ina sauti nyingi, na mtoto anahitaji neno moja la kushikilia, kama mtu anayevuka mto akishika kamba. Aidha, kwa Kiingereza tufaha moja na matufaha kumi huanza kwa herufi ileile, kwa kuwa wingi wao huja mwishoni mwa neno. Hata mchoraji akichora kapu zima, A haiondoki mahali pake.

Katika pwani yetu, kusoma kulianza kwa njia nyingine kabisa. Mtoto alipelekwa chuoni, akaketi mbele ya mwalimu na ubao wake, akaanza alifu kwa ujiti. Hapakuwa na picha. Herufi ilitamkwa pamoja na irabu zake, moja baada ya nyingine, mpaka ulimi ukazoea. Hata hapa Kigali, mji ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, Kiswahili kiliingia pamoja na askari, wafanyabiashara na Waislamu, na watoto wengi wa Biryogo na Nyamirambo walijua alifu kabla ya kuijua A.

Hati za Kirumi nazo zililetwa na wamisionari. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Unguja, ambaye kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, aliamua kwamba konsonanti ziandikwe kwa kufuata Kiingereza na irabu zifuate Kiitaliano. Uamuzi huo ulitupunguzia mzigo mkubwa. Irabu tano, kila moja na sauti yake, basi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, jambo hilo lilikuwa limekwisha kukomaa. Ndiyo maana vitabu vya kufundishia kusoma Kiswahili havikuihitaji kamba ya Waingereza. Vilianza na a, e, i, o, u, kisha vikaenda ba, be, bi, bo, bu. Hata vitabu vya kisomo cha watu wazima vya Tanzania katika miaka ya 1970, vilivyozungumzia pamba, uvuvi na ufugaji, vilivunja maneno kuwa silabi. Picha ilikuwapo, lakini ilikuwa picha ya jambo linalozungumzwa. Haikuwa mlinzi wa herufi.

Basi, kitabu cha picha cha alfabeti ya Kiswahili kilichosifika kuliko vyote kilitoka wapi? Kilitoka New York. Muriel Feelings, mwalimu Mmarekani mweusi aliyezaliwa Philadelphia, alikuwa amefundisha Uganda katika miaka ya 1960. Mumewe wa wakati huo, mchoraji Tom Feelings wa Brooklyn, alikuwa amefanya kazi Ghana wakati wa Nkrumah. Mwaka 1971 walitoa kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One, na mwaka 1974 wakatoa Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti. Vyote viwili vilitajwa kwa heshima katika tuzo ya Caldecott, ambayo kule Marekani hutolewa kwa wachoraji wa vitabu vya watoto, na kwa kile cha kwanza Tom Feelings akawa mchoraji wa kwanza mweusi wa Marekani kupata heshima hiyo.

Kitabu hicho kina maneno 24, moja kwa kila herufi, kwa maana Q na X zimeachwa. Maelezo yake ni ya Kiingereza. Hakikuandikwa kwa ajili ya mtoto wa Tanga au Kisumu ajue kusoma. Kiliandikwa kwa ajili ya mtoto mweusi wa Marekani ajue kwamba Afrika ina lugha, ina arusi, ina soko na ina heshima. Hiyo ilikuwa miaka ambayo Kiswahili kilichukuliwa na Wamarekani weusi kuwa lugha ya utambulisho; sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi yake saba kama vile umoja na imani, ilikuwa imeanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966. Kwa hiyo alfabeti ile haikuwa ngazi ya kusoma. Ilikuwa mlango wa kumwonyesha mtoto alikotoka, na tunadhani ilifanikiwa katika lengo lake. Kosa linatokea pale kitabu kama hicho, au ndugu zake wengi walioiga umbo lake, kinapoletwa darasani kwetu na kupewa kazi ambayo hakikuumbwa kuifanya.

Kazi hiyo inakwamishwa na ngeli. Nomino ya Kiswahili hubadilika mbele, palepale ambapo kitabu cha alfabeti kinapotazama. Kiti kimoja kiko K, viti viwili viko V. Mtoto yuko M, watoto wako W. Ulimi uko U, ndimi ziko N. Jiwe liko J, mawe yako M. Mchoraji akiongeza kitu cha pili katika picha yake, kwa nia njema tu ya kujaza ukurasa, amekwisha kuhama herufi. Tukitazama ukurasa wa V katika vitabu vya aina hii tutaona karibu kila mara vitu vingi: viatu, vyombo, viazi. Haiwezi kuwa vinginevyo. Ukurasa wa M hauna shida ya maneno, ila una shida nyingine: m ya "mti" ni silabi peke yake, na m ya "mama" sivyo. Na N je? Nyumba, ng'ombe, ndege: herufi moja, sauti tatu tofauti.

Waandishi hutafuta njia ya kutokea, na njia hiyo aghalabu ni maneno ya kukopa, kwa kuwa mengi hayana kiambishi awali cha kubadilika. Sahani moja, sahani nyingi. Saa moja, saa nyingi. Meza, redio, baiskeli, dawa. Matokeo yake ni kichekesho kidogo: alfabeti ya Kiswahili inayomwonyesha mtoto maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza, huku kiti, mti na jicho vikikaa nje vikisubiri zamu.

Hapa Rwanda jambo linazidi utamu. Nomino ya Kinyarwanda hutanguliwa na irabu, ambayo wanasarufi wa Kinyarwanda huiita indomo: umwana, igiti, inka, abantu, urukwavu. Mtu akitunga kitabu cha alfabeti ya Kinyarwanda kwa kufuata mtindo wa Waingereza, atajaza kurasa tatu, A, I na U, na zilizobaki atazipamba kwa maua. Hata maneno yaliyotoka kwenye Kiswahili huvikwa indomo mara tu yanapovuka mpaka. Meza imekuwa ameza, kalamu ni ikaramu, saa ni isaha, sukari ni isukari. Wanaoponyoka ni majina ya pekee: Kigali, Muhazi, na yule sungura mjanja wa hadithi, Bakame, ambaye jina lake lilichukuliwa mwaka 1995 na Editions Bakame, wachapishaji wa Kigali walioanza kuwatengenezea watoto vitabu vya Kinyarwanda mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa mtoto wa Kinyarwanda, herufi lazima itafutwe ndani ya neno. Na mtoto huyohuyo ndiye tunayemkabidhi bango linalomwambia kwamba neno la "meza" ni la M, wakati nyumbani kwao ni la A. Tuongeze hapo suala la L na R. Kalamu ya bango ina L, ikaramu ya mama yake ina R. Wanafunzi wetu wa chuo kikuu wenyewe bado wanaandika "kurara" na "kulala" katika aya moja, na hatuwezi kusema ni uvivu.

Tangu sheria ya mwaka 2017 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, mahitaji ya vifaa vya kufundishia watoto wadogo yamekuwa yakitujia mlangoni. Njia rahisi ni kuchukua bango la Kiingereza na kubandika maneno ya Kiswahili juu yake. Tumeyaona mabango hayo. Tumeona pia tufaha likibaki kwenye A, kwa sababu aliyebandika hakuwa na moyo wa kulifuta.

Katika semina yetu ya vifaa vya kufundishia tuliamua kujaribu njia nyingine. Tulimpa kazi hiyo mwanafunzi yuleyule wa jicho, baada ya kumrudishia alama zake, pamoja na wenzake wanne. Sharti lilikuwa moja: pasiwe na nomino hata moja. Kitenzi cha kuamuru hakina ngeli, na watoto wawili wanaoruka wako R sawasawa na mtoto mmoja anayeruka. Wakaanza: andika, beba, cheza, daka, elea, fagia, gonga. C, ambayo kwa Kiswahili haisimami bila H, ilipita bila kelele kwa kuwa mtoto anayecheza anaeleweka na kila mtu. Soma, andika na oga zilipokelewa kwa furaha, maana Kinyarwanda nacho kinazo. Kwa upande wa milio, walimkumbuka Comenius na kumweka jogoo kwenye W, akiwika.

Ugomvi ulikuwa kwenye M. Mmoja alipendekeza "meza", wakacheka, kwani kila mtoto angetafuta meza ya kulia chakula. Mwingine akasema "menya", akachora mama akimenya ndizi. Wenzake wakamkumbusha kwamba kwa Kinyarwanda "menya" ni kujua. Tulibishana karibu nusu saa kama jambo hilo ni hasara au faida, na hatimaye wakachora mtoto aliyeangusha kikombe: mwaga. Y ndiyo ilibaki ya mwisho. Kitenzi walichokipata ni "yeyuka", na barafu si jambo la kila siku hapa, kwa hiyo mchoraji wao akachora bonge la siagi katika kikaango. Bango tumelitundika katika ukumbi wa idara, karibu na mlango. Waliopita wameishauri Y ichorwe upya, kwa maana siagi ile inafanana sana na sabuni.