Mwana wa Nani? Nasaba za Waskoti Waliovuka Bahari

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Aghalabu methali hii husemwa kumkaripia kijana aliyezitupa mila za kwao. Lakini maneno hayo yana uzito mwingine yanapomhusu mtu ambaye hakuiacha asili yake kwa hiari, bali aliachishwa. Katika makala haya tutaitazama methali yetu tukiwa mbali, katika visiwa na milima ya magharibi mwa Uskoti. Huko ndiko watu wa lugha ya Kigaeli walikoondoka kwa maelfu katika karne ya 18 na ya 19, na huko ndiko wajukuu wao wanakorudi leo, kwa barua na kwa miguu, wakiuliza swali moja: sisi ni wana wa nani?

Safari hizo hazikuwa za namna moja. Wapo waliojikusanyia nauli wakaenda kutafuta ardhi, na wapo waliofukuzwa. Mwaka 1773 merikebu iitwayo Hector iling'oa nanga katika ghuba ya Loch Broom ikiwa na abiria wapatao 190, ikafika Pictou, Nova Scotia, baada ya watu 18 kufa njiani, wengi wao wakiwa watoto, kwa ndui na kuhara damu. Katika bonde la Strathnaver, mwaka 1814 na tena 1819, familia ziliondolewa na nyumba zikatiwa moto ili kondoo wapate malisho. Kisha mwaka 1846 viazi viliingia ugonjwa vikaoza shambani, na njaa ikawasukuma wengine kwenda Kanada na Australia.

Anayewatafuta watu hao hukabiliwa kwanza na ukimya wa karatasi. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza zimehifadhiwa kwa utaratibu tangu mwaka 1890 tu. Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo zilikuwapo daftari za parokia, na kongwe kuliko zote, ya Errol, ni ya mwaka 1553. Lakini katika visiwa vingi daftari hizo zilichelewa kuanza, na Wakatoliki wengi, kama wale wa kisiwa cha Barra, hawakuandikwa katika kanisa la taifa. Fauka ya hayo, majina ni machache. Katika Barra utawakuta akina Neil MacNeil na John MacNeil wengi mno, hata jina likawa halimtambulishi mtu.

Wenyewe, hata hivyo, hawakupotezana. Nasaba kwa Kigaeli huitwa sloinneadh, nayo husomwa kama tunavyoisoma sisi. Dòmhnall mac Iain 'ic Ruairidh ni Dòmhnall mwana wa Iain mwana wa Ruairidh. Mac ni bin, na nic ni binti. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hata ule utaratibu wetu wa mtoto kuchukua jina la babu na kuwa somo wake unafanana na wa kwao: mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na binti wa kwanza jina la bibi mzaa mama. Haikuwa sheria isiyovunjika, lakini ni dira. Tena mwanamke hakupoteza jina la ukoo wa baba yake kwa kuolewa. Nyaraka na mawe mengi ya makaburi ya Uskoti humtaja kwa jina alilozaliwa nalo, na kwa sababu hiyo upande wa mama, ambao kwingineko hufutika, huko bado unafuatika.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke wa Cape Breton anajua tu kwamba babu wa babu yake alikuwa MacNeil na kwamba wazee walimwita mwana wa Iain mwana wa Ruairidh. Peke yake hafiki mbali. Lakini jirani yake aliyewahi kusafisha makaburi ya zamani anamwonyesha jiwe lililochongwa kwamba marehemu ni mzaliwa wa kisiwa cha Barra. Mtafutaji mwingine, aliyeko Edinburgh, anakwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu na kumpekulia daftari. Wa tatu, mkaazi wa Barra, anasoma ile mihimili mitatu ya majina na kusema: Ruairidh huyo alikaa upande fulani wa kisiwa, na ndugu yake aliyebaki ana wajukuu hapa hadi leo. Hakuna kati yao aliyelipwa. Siku ya pili yule mwanamke wa Cape Breton naye atakwenda kumpigia mtu mwingine picha ya kaburi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nasaba iliyotawanywa na bahari mbili haiunganishwi na mtu mmoja.

Ushirika huu una historia yake. Chama cha Nasaba cha Uskoti kilianzishwa Edinburgh mwaka 1953, na wanachama wake wenye kujitolea walizunguka makaburini wakinakili maandishi ya mawe ya kabla ya mwaka 1855, kabla mvua na kuvu hazijayala. Katika kisiwa cha Harris, Bill Lawson alitumia miongo kadhaa akikusanya masimulizi ya wazee wa visiwa vya magharibi na kuyalinganisha na daftari, kishamba kwa kishamba, nyumba kwa nyumba. Thamani ya kazi kama hiyo imo katika kule kulinganisha. Mzee hukumbuka ukoo lakini huweza kusahau mwaka. Karani hukumbuka mwaka lakini huweza kukosea jina, maana alisikia Kigaeli akaandika Kiingereza.

Hata karatasi yenyewe hutaka kusomwa kwa hadhari. Sensa ya mwaka 1841 iliandika majina ya watu wa nchi nzima, lakini waliopita miaka 15 walishushiwa umri hadi tano iliyo chini yake, hivyo mtu wa miaka 24 akawa wa 20. Asiyejua hilo atamkana babu yake mwenyewe. Kinyume chake, mwenye haraka atampokea babu asiye wake kwa kuwa majina yamelingana, na kosa lake litanakiliwa na kumi wengine mpaka lionekane kweli. Mtafutaji mwenzako wa kweli ni yule anayekuuliza: umejuaje?

Wapenzi wa ushairi watafurahi kusikia kwamba beti nazo zimekuwa ushahidi. John MacLean, mzaliwa wa Tiree mwaka 1787, alikuwa malenga wa bwana wa kisiwa cha Coll. Mwaka 1819 alihamia Nova Scotia, na huko akatunga A' Choille Ghruamach, yaani Msitu wa Huzuni. Katika utenzi huo aliulalamikia baridi, miti isiyokwisha kukatwa na ahadi za uongo za mawakala wa uhamiaji. Utungo huo ulivuka bahari ukarudi kuimbwa Uskoti, ukafanya kazi ya barua. Mjukuu wake, Alexander Maclean Sinclair, aliyezaliwa Nova Scotia, ndiye aliyezichapisha tungo za babu mwaka 1881, na mwaka 1899 akatoa kitabu cha nasaba ya ukoo wa MacLean. Kwake yeye kuhifadhi shairi na kuhifadhi ukoo ilikuwa kazi moja.

Lakini anayechimba asili asidhani atakuta lulu tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1830 na mwanzoni mwa miaka ya 1840, Kanali John Gordon wa Cluny alinunua visiwa vya South Uist, Benbecula na Barra. Mwaka 1851 watu wapatao 1,700 wa visiwa hivyo walisafirishwa kwenda Quebec, na baadhi yao walikamatwa na kupandishwa merikebuni kwa nguvu. Wajukuu wao hulitaja jina la Gordon kwa uchungu hadi leo. Sasa hebu tulitafute jina hilo hilo katika nyaraka nyingine. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za kuwafidia mabwana. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Miongoni mwa waliolipwa yumo Gordon wa Cluny, kwa ajili ya watumwa zaidi ya 1,300 wa Tobago.

Basi mtu wa Ontario amtafutaye babu yake wa Barra, na mtu wa Tobago amtafutaye bibi yake, huweza kukutana mlangoni pa bwana mmoja. Hawakutani kwa usawa. Yule wa Barra ana Iain mwana wa Ruairidh. Huyu wa Tobago hukuta katika daftari za watumwa jina moja tu, tena aghalabu alilopewa na mwenye shamba. Na wako Waskoti wengine, wakiwamo wa nyanda za Kigaeli, waliokwenda Karibea kama wasimamizi na wenye mashamba, wakaacha majina yao ya ukoo kwa watu ambao hawakuulizwa kama wanayataka. Mtafutaji mkweli huandika yote mawili, aliyefukuzwa na aliyefukuza, hata wakiwa wa damu moja.

Hapo ndipo methali yetu inaporudi nyumbani. Hapa Zanzibar hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897, na hapa pia fidia iliwekwa kwa ajili ya mabwana. Tunazo shajara za koo zilizoandikwa kwa wino mzuri, na tunao majirani ambao wakiulizwa babu wa tatu hunyamaza, au hutaja ukoo wa bwana. Wao hawakuiacha asili; walinyang'anywa. Wazee wanaokumbuka minong'ono ya bibi zao wanapungua kila msimu. Waskoti wa ughaibuni wametuonyesha kwamba uzi uliokatika huungwa na mikono mingi: mmoja kaburini, mmoja penye daftari, mmoja miguuni pa mzee. Kazi hiyo ingefaa ianzwe kwetu pia, na ianze na wale wasio na shajara.